Daftari la Moyo wa Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Si mimi niliyetaka kuandika, ni daktari. "Mama," aliniambia leo kliniki, "huyu mzee ukimuuliza mwenyewe, kila siku atakwambia amekula majani na kushushia maji. Andika wewe." Mume wangu akaangalia dari, kama mtu anayesikia habari za jirani. Basi nimelichukua daftari langu la vipimo vya wateja, nimeligeuza nyuma mbele, na huku nyuma nitaandika moyo wake mpaka masika yaishe, tutakaporudi kwa daktari: amekula nini, ametembea kiasi gani, kifua kimebana au hakikubana. Huku mbele zitabaki suruali za watu.

Kwa atakayesoma bila kutujua: mume wangu ni kinyozi, mimi ni fundi cherehani. Saluni yake iko chini, usawa wa barabara. Chumba changu cha kushonea kiko juu ya kichwa chake, vidato ishirini na sita. Mwezi wa kwanza alikuwa anamnyoa ndevu karani wa posta, akahisi kama mtu amemkalia kifuani. Jasho likamtoka. Badala ya kupiga kelele, akamaliza ndevu! Alisema hawezi kumwacha mteja nusu uso. Hospitali wakasema ni mshtuko wa moyo, mdogo, na kwamba wa pili huenda usiwe mdogo. Tangu siku hiyo sina raha. Nataka huyu mtu aishi, hata kama itabidi nimuue kwa masharti.

Kiuno: inchi arobaini na tatu. Amevuta tumbo ndani. Nimesimama na futi yangu mpaka akashindwa, akapumua.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Ametembea mpaka posta na kurudi, chini ya mwavuli. Amekula maharage bila chumvi, akashushia na lawama.

Jumamosi, 8 Machi

Leo lilikuwa darasa la wagonjwa wa moyo. Daktari ni binti mdogo, anaongea taratibu na hachoki. Alisema moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe haushibi kwa damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje, na hiyo ndiyo inayoulisha. Mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, mpaka njia inakuwa nyembamba. Ukikaa, damu inayopita inatosha. Ukipanda ngazi haitoshi, na moyo unalalamika. Hilo ni onyo, na ukipumzika linaondoka. Balaa ni siku utando unaofunika yale mafuta unapopasuka: damu inaganda pale pale, njia inaziba, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule inaanza kufa.

"Na ikishakufa hairudi," alisema. "Kwa hiyo mtu asikae nyumbani kuangalia kama maumivu yatapoa. Kila dakika ina kazi yake."

Mume wangu akanyoosha mkono, akauliza kama yai moja la kukaanga kwa wiki linahesabika.

Hapo simu yangu ikalia: mwalimu mkuu, anaulizia sare. Shule inafunguliwa mwisho wa Aprili na nina sare mia moja na ishirini za kushona. Nikatoka nje kuzungumza naye. Niliporudi daktari alikuwa anamalizia jambo fulani kuhusu wanawake. Mume wangu ameahidi kunieleza.

Muuguzi akataka kunipima presha na mimi. Nikamwambia mimi si mgonjwa, nimemleta mgonjwa.

Jumatatu, 10 Machi

Kiuno: arobaini na tatu. Ametembea. Kifua hakikubana.

Nimebeba gora la kitambaa cha bluu mpaka juu, nikasimama kidato cha kumi na nane kuvuta pumzi. Vidato hivi nadhani vimeongezwa.

Ijumaa, 14 Machi

Dawa zote amemeza. Amenuna tangu asubuhi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemfuma. Mimi mfuko wa suruali naujua kuliko mwenye suruali. Nikiugeuza nje unaniambia yote. Leo mfuko wake wa kulia umeniambia karanga za chumvi, na wa kushoto umeniambia keki.

"Ni za mteja," akasema.

"Mteja gani anaweka karanga zake kwenye mfuko wako?"

"Aliniomba nimshikie wakati namnyoa."

Mwuzaji wa magendo namjua, ni wifi yangu. Dada yake huyu, mkubwa wake kwa miaka sita, anakaa na mimi juu kutwa nzima akishona vifungo na mapindo, na kila akishuka chini anashuka na kikapu. Nilipomuuliza akaweka sindano chini.

"Wifi, mdogo wangu amekonda. Suruali zinamvuka."

"Wifi, kiuno chake ni inchi arobaini na mbili na nusu. Hilo ni pipa."

"Kwetu wote tuko hivyo."

"Na kwenu wote mnakufa kwa moyo," nikasema, nikajuta hapo hapo, maana baba yao alikwenda hivyo hivyo. Wifi akaokota sindano yake. Tumeshona mpaka jioni bila neno, cherehani tu ndiyo iliyoongea.

Karanga na keki nimezila mimi. Nimelelewa kutotupa chakula. Taya linauma tangu mchana. Ni pini, nazibana kwenye meno siku nzima nikipima mapindo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepata dawa ya magendo. Wakati yuko kazini nimekaa na suruali zake sita na mashati yake manne, nikaushona kila mfuko kwa juu, mshono wa mkono, uzi wa rangi ile ile. Mfuko unauona, lakini hata sarafu haiingii. Nimecheka peke yangu mpaka mgongo ukaniuma.

Jumatatu, 24 Machi

Ametafuta mfuko asubuhi nzima kama mtu anayejikuna. Hajasema kitu, na mimi sijasema kitu. Kiuno: arobaini na mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Lazima niandike. Ni kosa langu.

Saa tano asubuhi mvua ilikuwa inamwagika, na yeye alikuwa anapanda ngazi kuniletea chai. Kumbe alitaka tupatane. Nikasikia kikombe kinavunjika. Nikatoka mbio, nikamkuta amekaa kidato cha kumi na moja, kiganja kifuani, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Kinabana," akasema.

"Weka kidonge! Chini ya ulimi! Kiko wapi?"

Akaniangalia. Ana vidonge vidogo alivyopewa kwa ajili ya saa kama hiyo, na aliambiwa asitembee bila hivyo hata hatua moja.

"Viko mezani nyumbani," akasema pole pole. "Sina pa kuviweka. Mifuko yangu yote imekufa."

Sijawahi kusikia maneno yaliyonichoma namna hiyo. Nikashuka, nikakimbia kwenye mvua mpaka nyumbani, nyumba nne kutoka hapa, nikarudi na kichupa. Wifi alikuwa amemshika kichwa, anamfuta jasho kwa sketi ya shule. Kidonge kikaingia chini ya ulimi. Daktari alituambia kisipotuliza ndani ya dakika tano, hospitali moja kwa moja. Wifi akahesabu kwa sauti. Dakika ya tatu akasema, "Kinaachia." Nikalia. Yeye akaanza kucheka, eti kwa mara ya kwanza tangu tuoane nimekimbia kwa ajili yake.

Tumempeleka kliniki hata hivyo. Wamempima, moyo haukuumia. Daktari akauliza kwa nini hakuwa na dawa. Mume wangu akasema, "Nilisahau, daktari." Amenisitiri. Sikulitegemea.

Nilipokimbia kwenye mvua na mimi kifua kilinibana, kikaachia nilipokaa. Hofu ni kitu kibaya.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefumua mifuko yote kumi na sita. Kwenye kila shati nimeongeza mfuko mdogo juu ya titi la kushoto, saizi ya kichupa, na kifungo chake. Wifi ameshona vifungo bila kuambiwa. Amesema kikapu atakiacha nyumbani. Mimi nikamwomba radhi kwa yale maneno ya baba yao. "Tuyaache," akasema, kisha akaongeza, "Lakini ulisema kweli, wifi."

Jumanne, 1 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Sare hazikauki baada ya kufuliwa alama za chaki. Ngazini nimepumzika mara mbili. Taya tena. Nimeanza kubana pini upande wa pili.

Ijumaa, 4 Aprili

Mume wangu amekuwa mwalimu. Nilishuka kumpelekea papai, nikakuta saluni imejaa watu wanaojikinga mvua, na yeye katikati, wembe mkononi, anawafundisha moyo. Karani wa posta yuko kitini na povu mpaka masikioni, hana pa kukimbilia.

"Msidhani ni kifua peke yake," anasema. "Wengine wanaumwa mkono, wengine tumbo wanadhani ni kiungulia. Wengine wanachoka tu. Wewe unachoka?"

"Nachoka na wewe," akajibu karani kutoka ndani ya povu.

Nilisimama mlangoni na papai langu. Nilidhani pale kliniki alikuwa anasinzia. Kumbe alikuwa anasikiliza kila neno. Nikaondoka bila kumaliza kusikia, kwa sababu juu nilikuwa na sketi arobaini.

Jumatatu, 7 Aprili

Kiuno: arobaini na moja na nusu! Amezunguka saluni nzima akiwaonyesha wateja tundu jipya la mkanda.

Umeme umekatika, napiga pasi ya mkaa. Mkono wa kushoto mzito, mpaka kidole cha mwisho. Ni kuvuta kitambaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Ametembea. Amekula samaki wa kuchemsha. Nimesinzia kwenye cherehani, paji la uso juu ya gurudumu, saa nne asubuhi. Wifi amenifunika na koti la mteja.

Jumanne, 15 Aprili

Sare sabini na nane zimekwisha. Mgongo unauma hapa juu, katikati ya mabega. Ni kuinama.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumegombana kwa mara ya kwanza tangu siku ya ngazi. Ameniambia nikae, wifi na yeye watapanga sare kwenye maboksi. Nikamwambia mgonjwa ni yeye. Akasema, "Basi niwe mgonjwa na wewe uwe mzima, lakini kaa." Sikukaa.

Jumanne, 22 Aprili

Kuna baridi ya mvua, watu wote wamevaa sweta, na mimi natoka jasho mpaka kitambaa kinanata vidoleni. Ni umri. Sare tisini na tisa. Kiuno cha mzee: arobaini na moja.

Alhamisi, 24 Aprili

Zimebaki nne. Kichefuchefu tangu asubuhi. Nadhani ni yale maini aliyoleta wifi kwa siri, nikamnyang'anya mume wangu nikala mimi.

Ijumaa, 25 Aprili

(Daktari, mwandiko huu ni wangu mimi kinyozi. Mwenye daftari hawezi kuandika. Samahani kwa wino.)

Nianzie mwanzo. Saa tatu asubuhi nilikuwa namnyoa karani wa posta. Juu yangu cherehani ikanyamaza. Miaka ishirini na saba mlio wa cherehani ile uko juu ya kichwa changu, nikiusikia umekatika najua mke wangu anakata uzi, au anakunywa chai, au amekasirika. Leo ulikatika katikati ya mshono. Nikangoja. Haukurudi.

Nikapanda pole pole kama nilivyofundishwa. Nikamkuta amekaa chini, ameegemea ukuta, sketi ya bluu mapajani, jasho linamtiririka shingoni. Ndoo ya maji iko pembeni, ametapika. Dada yangu anampepea na karatasi ya kukatia nguo.

"Ni nini?" nikauliza.

"Taya," akasema. "Ni pini tu. Nipe dakika kumi nimalize."

Lakini mdomoni hakuwa na pini. Dada akasema tangu juzi mapindo anabana yeye, mke wangu hajagusa pini. Nikamuuliza wapi kwingine. Akasema mgongoni, na mkono umekufa ganzi, lakini ni ile pasi. Kifua je? Kifua hakiumi, akasema, kizito tu, kama nguo iliyolowa.

Daktari, ulisema darasani, nami nilisikia kwa masikio yangu haya: kifua ndicho kinachowasumbua wengi, hata wanawake, lakini kwao mara nyingi huja pamoja na maumivu ya taya, mgongo, kichefuchefu na uchovu usioelezeka, na kila moja wanalitafutia sababu. Nilimwambia, "Mke wangu, huu ni moyo."

"Moyo ni wako," akasema.

"Daktari alisema. Wanawake hupata hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa kwenye simu."

Hilo ndilo jibu nililompa. Ningeweza kumwambia jioni ile, au kesho yake, au siku yoyote katika siku hamsini. Sikumwambia kwa sababu nilichoka kuzungumza habari za moyo nikiwa nyumbani. Niliwaambia watu wote waliokaa kwenye kiti changu, isipokuwa yeye. Naliandika hapa ili lisipotee.

Nikapiga simu ya dharura. Wakasema gari la wagonjwa limezuiwa na maji upande wa pili wa mji, kama kuna gari lingine tumlete sasa hivi, asitembee hata hatua. Wakauliza kama aspirini inamdhuru, nikasema haimdhuru, basi atafune moja. Akatafuna. Akataka na kile changu cha chini ya ulimi. Yule wa simu akasema hapana, hicho kimeandikwa kwa jina langu. Mke wangu akasema kumbe ule mfuko mpya alinishonea nifichie uchoyo.

Nikaita chini. Karani wa posta akapanda mbio, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. Safari hii nilimwacha nusu, na hakuna aliyekumbuka. Yeye na mwuza magazeti wakamkalisha mke wangu kwenye kiti cha cherehani, wakamshusha vidato vyote ishirini na sita, yeye akiwa juu anawaelekeza: "Inueni upande wa kushoto! Mnanipeleka kama kabati!" Mimi nilikatazwa kubeba. Nilibeba pochi. Nyuma yetu nikasikia cherehani inaanza tena, nikadhani nimechanganyikiwa. Ni dada, anamalizia sketi, anashona huku analia.

Gari ni la karani. Njiani maji yalifika milangoni. Mke wangu akawa amenishika mkono kwa nguvu, halafu si kwa nguvu.

Sasa sikia kilichotokea hospitali. Nilikuwa kwenye dirisha la kuandikisha, yeye yuko kwenye kiti cha magurudumu nyuma yangu. Muuguzi mmoja akapita, akainama kwa adabu: "Shikamoo mama. Habari za asubuhi?"

Na mke wangu, rangi imemtoka, jasho limejaa mpaka kwenye kope, akajibu: "Marahaba mwanangu. Nzuri tu, sijui zako."

"Salama mama. Subiri hapo kwenye foleni, utaitwa." Akamsukuma nyuma ya mtu aliyejikata kidole.

Nilipogeuka nikamwona yuko wa tisa. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga maishani. "Msimsikilize! Amejibu salamu tu! Anaumwa moyo!"

"Lakini mama amesema nzuri..."

"Huyu atasema nzuri hata mkimzika! Taya, mgongo, mkono, jasho, ametapika, tangu saa tatu! Mpimeni!"

Wakampeleka ndani. Wakambandika waya, mashine ikachora, na yule aliyeiangalia karatasi akatoka mbio. Hapo nilijua sikukosea, na nikatamani ningekuwa nimekosea.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Wameingiza mrija mwembamba kwenye mkono wake, ukapita mpaka kwenye moyo. Mshipa mmoja ulikuwa umeziba kabisa. Wameuzibua na kuacha ndani kijiwavu cha chuma ili usijifunge tena. Wamesema kipande kidogo cha moyo kimeumia, kikubwa kimepona, na tungechelewa mpaka jioni ingekuwa habari nyingine.

Nimekaa nje ya mlango na daftari hili kwa sababu sijui la kufanya na mikono yangu. Chakula nilichokula leo: hakuna. Kutembea: korido hii, mara nyingi. Kifua: hakikubana kwa namna ile unayoiuliza, daktari.

Jumatano, 30 Aprili

Nimerudi kwenye kalamu. Bado niko kitandani, wodini, dirisha linaangalia paa la bati na mvua.

Daktari amekuja asubuhi na daftari langu. Mume wangu alimpa asome habari za kiuno chake, maana anajivunia. Alikuwa na kalamu nyekundu. Kurasa zilikuwa na mistari myekundu, nikadhani amepigia mstari makosa ya mzee, nikafurahi kidogo.

"Mama, nisomee hii," akasema.

Nikasoma: kidato cha kumi na nane. Akafunua. Taya. Akafunua. Kifua kilinibana nilipokimbia kwenye mvua. Ngazini mara mbili. Mkono wa kushoto. Kusinzia juu ya gurudumu. Mgongo. Jasho. Kichefuchefu.

"Wiki saba mishipa yako imekuwa ikikuonya," akasema, "na umeyaandika yote, siku na tarehe. Sijawahi kuletewa maelezo mazuri hivi. Uliandika ya nani?"

Kila onyo nililipatia sababu: pini, pasi, umri, maini. Nilimkagua mume wangu kama suruali, ndani nje, na mimi mwenyewe sikujitazama hata kwenye kioo. Presha yangu, wameniambia, iko juu, na huenda iko hivyo kwa miaka. Nilikataa kupimwa nikiwa nimesimama mbele ya mashine. Nimeona aibu, na nimelia mbele ya yule binti, naye akanishika bega mpaka nikamaliza.

Ijumaa, 2 Mei

Wifi amekuja na kikapu. Nimekifunua kwa mashaka: viazi vya kuchemsha, mboga, ndizi. Bila chumvi, nimeonja. Sare mia moja na ishirini zimefika shuleni siku ya ufunguzi, amezipeleka mwenyewe. "Sketi mbili pindo limekwenda upande," akasema. "Nilikuwa naona ukungu." Miaka yote hii nilimwona wifi kama mzigo nilioletewa pamoja na mume.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeruhusiwa. Vidonge vitano kwa siku. Karani wa posta amekuja kunitazama, mashavu yote mawili safi.

Ijumaa, 9 Mei

Kutembea: mpaka mlangoni na kurudi, mara sita. Mume wangu anahesabu kwa sauti ili majirani wasikie.

Jumatatu, 12 Mei

Amenipima kiuno. Nimevuta tumbo ndani. Amesimama na futi yangu shingoni, anapiga mluzi, anasubiri.

Jumapili, 18 Mei

Mpaka posta, sote wawili. Yeye alikuwa anapunguza mwendo na kujifanya anaangalia vibao vya maduka. Hakuna mvua siku ya tatu.

Ijumaa, 23 Mei

Leo ni kliniki, mwisho wa daftari kama tulivyoambiwa. Sasa tuna kadi mbili. Asubuhi mume wangu alichukua kalamu, akakaa pembeni ya kitanda.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Hilo siandiki. Hujambo?"

Akangoja. Mtu huyu ambaye hawezi kukaa kimya kwa urefu wa ndevu moja, alikaa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani. Nikaanza kujitafuta kuanzia juu. Nikamwambia: taya halina neno. Mgongo umetulia. Kifua chepesi. Nimelala vizuri, lakini nikiamka nasikiliza kwanza kama moyo unapiga kabla ya kufungua macho. Nimechoka. Naogopa. Naogopa ngazi, naogopa kesho, naogopa nikiwa nacheka.

Aliandika kwa muda mrefu, ulimi nje kidogo, kama anavyofanya akinyoa nyuma ya sikio. Kisha akaliweka daftari kwenye pochi yangu, akaenda kutafuta viatu.

Nimelifungua hapa kliniki, tukiwa kwenye foleni. Ameandika kila neno langu, hakupunguza hata moja. Na chini ya lile la mwisho, kwa herufi ndogo zilizobanana, ameongeza: "Na mimi, tangu mwezi wa kwanza."